Mikarafuu Kwenye Shamba la Mama

Mjomba wangu hapigi simu ovyo. Anatunza salio lake kama watu wengine wanavyotunza mbegu, kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimekaa barazani kwangu Bigwa nasahihisha mitihani, nilijua kuna msiba. Hakukuwa na msiba. Alitaka kuongea na mama. Mama alisikiliza, akauliza neno moja tu, "Mikarafuu?", akanirudishia simu na kuingia ndani.

Nilimfuata. Aliniambia kwamba jirani yetu wa kijijini, yule ambaye mama alimwazimisha shamba la mlimani alipohamia kwangu kwa sababu ya magoti, amepanda miche ya mikarafuu shamba zima.

Asiyetoka Uluguru anaweza kudhani huyo ni jirani mwema anayetunza mazingira. Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Shamba lile lilikuwa la bibi, mama yake mama, na bibi mwenyewe amezikwa pembeni yake. Na kwa kuwa koo nyingine zina ardhi nyingi na nyingine zina vijipande, watu huombana mashamba. Unakwenda kwa mwenyewe kabla ya mvua, unaomba, unapewa, ukishavuna unampelekea kidogo cha shukrani. Unapanda mahindi, maharage, mihogo, kitu cha kuvunwa kikaisha. Mti hupandi. Anayepanda mti kwenye shamba la kuazima ametangaza kwamba yeye haondoki, na watoto wake hawaondoki. Ndivyo mama alivyotangaziwa, tena na mtu aliyewahi kumbeba mgongoni mpaka kwake siku magoti yalipogoma njiani.

Nilikasirika kuliko yeye. Mimi ni mwalimu wa Uraia, na hasira zangu huja na vifungu vya sheria. Nilitembea chumbani huku na huko nikihutubia, mama akaniomba nikahutubie nje.

Chanzo cha yote alikuwa diwani wetu mpya. Ni kijana mchangamfu, ana duka la vipuri mjini, na wakati wa kampeni alipanda milimani akasema jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema kabla yake: shamba ni la anayelilima. Ninyi mnatoa jasho, alisema, wenye ukoo wanakaa kivulini wanasubiri kapu. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Na tuseme ukweli, hakudanganya kila kitu. Wapo wakuu wa koo waliokuwa wakimwacha mtu achimbe matuta, aweke samadi, udongo ukinenepa wanaurudisha kwao. Namfahamu mama mmoja aliyeondolewa shambani mahindi yakiwa yamefika magotini. Kwa hiyo makofi yale yalitoka moyoni. Ahadi ni deni, diwani alisema, na alipochaguliwa akaja kulilipa deni hilo kwa ardhi isiyokuwa yake.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa, nasi tukapanda na ile barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, tukashukia upande wa Matombo na kumalizia kwa pikipiki. Mama alikuwa amevaa khanga zake za kanisani. Uwanja wa shule ya msingi ulijaa kuliko siku ya chanjo. Mbele alikaa mwenyekiti wa kijiji, mzee anayeongea polepole kiasi kwamba watoto humalizia sentensi zake kabla hajafika mwisho. Nilipomwona nilikata tamaa. Nilisema moyoni, huyu ndiye wa kupambana na yule mwenye kipaza sauti?

Diwani hakupoteza muda. Alisema ameleta zawadi, akaeleza ile zawadi, kwamba kuanzia siku hiyo shamba liwe la anayelilima, kisha akataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ilipanda kama mahindi baada ya mvua. Nilimwona jirani yetu, mkono wake ukiwa juu, macho akiyaelekeza upande tusiokaa sisi. Mama aliangalia chini. Mwenyekiti akasimama, akajipangusa uso, akasubiri, akasema, "Mikono ishusheni. Jambo hili halijapita kwenye halmashauri ya kijiji wala kwenye vitongoji. Litaanzia huko, ndipo lirudi hapa."

Diwani akacheka, akasema wananchi ndio wameshaamua.

"Wamenyoosha mikono," mwenyekiti akamjibu. "Kuamua bado. Na wewe, diwani, kwenye mkutano huu una kura moja kama mimi."

Alizomewa. Mzee wa watu alizomewa mpaka akakaa. Mimi nilishukuru kwamba amezuia, lakini nilimlaumu vilevile: kwa nini asiseme moja kwa moja kwamba jambo lenyewe ni la dhuluma? Kwa nini aturudishe kwenye vitongoji, tukae wiki baada ya wiki roho mkononi? Darasani nafundisha kwamba utaratibu ndio ngao ya mnyonge. Siku ile, nikiwa mimi ndiye mnyonge, niliuona utaratibu kama foleni ya benki.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Waliosikia kwamba jambo litarudi mkutanoni waliwahi kupanda miti kabla halijarudi. Mwenye kuazima shamba alipanda migomba, mwingine michungwa, mwingine michikichi, ili siku ya kura ikifika aonekane ameshaota mizizi. Mama aliacha kula vizuri. Alikuwa akikaa jikoni kwangu, sahani mapajani, akiniuliza kama watu wa mjini wanaweza kuamini kwamba kaburi ni mpaka wa shamba. Nilimjibu ndiyo. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Kisha mjomba akaanza kupiga simu, na safari hii hakuhurumia salio. Kwenye mkutano wa kitongoji cha kwanza, alisema, mtu mmoja aliyekuwa amenyoosha mikono yote miwili siku ile aliuliza swali. Yeye ameazima shamba la bondeni, sawa, litakuwa lake. Je, lile la mama yake, lililoko juu, ambalo amemwazimisha shemeji yake, litakuwa la nani? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mmoja akasema na yeye ana la kuuliza, mwingine naye, ikawa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya mlima. Kumbe milimani kwetu karibu kila aliyeazima naye kaazimisha. Mwenye ardhi ya mteremko ameomba tambarare, mwenye tambarare iliyo mbali ameomba ya karibu, mjane amempa kijana kwa sababu hana nguvu, na kijana huyohuyo mama yake amempa mtu mwingine. Waliimba kwamba watawanyang'anya wenye ukoo, na wenye ukoo walikuwa wao.

Mjomba alinisimulia habari za kitongoji kingine huku akikohoa kwa kicheko. Mwanamke mmoja alisimama akasema kwamba kama shamba ni la anayelima, basi anaomba iandikwe leo kwamba shamba la mume wake ni lake, maana tangu waoane hajamwona huyo bwana akishika jembe isipokuwa kulihamisha njiani. Mume alikuwapo. Inasemekana mpaka leo anawahi shambani kabla ya jogoo.

Nilianza kupumua. Nilianza pia kumwelewa yule mzee anayeongea polepole. Uwanjani, kila mtu alikuwa amesikia nusu ya ahadi, ile inayomfaa. Kwenye kitongoji, ambako mtu amekaa ubavuni pa anayelima shamba lake, nusu ya pili haikuwa na mahali pa kujificha.

Mkutano mkuu ukarudi. Diwani alikuja, kipaza sauti mkononi, tabasamu limepungua lakini msimamo uleule. Sikumchukia kama mwanzo. Alizungumza vizuri kuhusu yule mama aliyeondolewa mahindi yakiwa shambani, na nilijikuta natikisa kichwa kukubali. Kisha mama akaomba nafasi.

Nilikuwa nimemwandalia hoja. Tulizirudia njia nzima: kaburi la bibi, mipaka, mashahidi. Alisimama ameegemea bega langu, akazisahau zote, au alizitupa. Alisema, "Mnajua kwamba nimepandiwa miti. Lakini na mimi nimeazima. Lile bonde la mpunga, mnaloliita la Mama Mwalimu, si letu. Nalilima tangu huyu mwalimu hajazaliwa. Likiwa la mlimaji, leo naondoka hapa ni langu. Silitaki. Aliyenipa hakunipa ili nimnyang'anye."

Akakaa. Mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa. Bonde lile ndilo lililonisomesha. Nimewaambia wenzangu wa ofisini mara nyingi habari za bonde letu, na mchele wa bonde letu, na kibanda nitakachojenga kwenye bonde letu nikistaafu. Nilimgeukia mama kwa hasira za kitoto kabisa, nikamnong'oneza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza.

Baada yake akasimama mzee mmoja, akasema analima shamba la ukoo wa fulani. Akasimama mwanamke, akasema analima la fulani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa wamevua kofia, wakitaja mbele ya watu wote shamba wanalolima na mwenyewe ni nani. Jirani yetu hakusimama. Alikuwa ameinama, akichora chini kwa kijiti.

Kura ilipopigwa, mikono ya kutaka shamba liwe la mlimaji ilikuwa michache mno. Ndipo mwenyekiti akaleta pendekezo la pili, lililotoka vitongojini: aliyeazimwa shamba asiondolewe mazao yakiwa yamesimama, na mwenye kulitaka lake aseme kabla watu hawajaanza kufyeka, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Hilo lilipita. Diwani naye alinyoosha mkono, na haki yake ilikuwapo, maana bila kelele zake huenda jambo hilo lisingezungumzwa kamwe. Mwenyekiti aliusoma uamuzi kwa mwendo wake wa kinyonga, neno kwa neno, nami nilitamani asome polepole zaidi. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimebeba mawe kifuani kwa wiki zote zile bila kujua uzito wake.

Watu walipoanza kutawanyika jirani alikuja. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia. Akasema aliogopa. Shamba lake mwenyewe, la mama yake mzazi, lilikuwa limeshapandiwa migomba na mtu aliyeliazima kwake, naye akaona asipopanda kwa mama yangu atabaki mikono mitupu. Nilikuwa na la kumjibu, tena refu. Mama alinitangulia.

"Ing'oe na udongo wake, isife," alimwambia. "Kapande kwa mama yako."

Kabla ya giza kuingia alikuwa amemaliza. Tulimwona akishuka na miche kwenye tenga, akitembea kwa uangalifu kama aliyebeba mayai. Mama alikula ugali wote kwa mjomba usiku ule na kuomba kuongezewa mlenda.

Asubuhi yake nilitaka tuwahi kushuka, nina vipindi. Mama akaniambia nijifunge khanga, kuna mahali tunapita kwanza. Tulikwenda taratibu kwa ajili ya magoti yake mpaka kwenye nyumba moja ya udongo karibu na kijito, nami njia nzima sikuelewa tunakwenda kwa nani. Uani alikaa bibi mmoja, mkongwe, macho yamefifia, akipembua maharage kwa vidole. Mama hakusogea. Alikaa kwenye jiwe kando ya njia, akanisukuma kidogo mgongoni. Huyo ndiye mwenye bonde, alininong'oneza, na mvua ziko karibu.

Nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu bila kutetemeka. Pale nilijifunga khanga upya mara mbili ndipo nikaamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia nimekuja kumwomba bonde, msimu huu, tulime mpunga. Vidole vyake viliendelea na maharage mpaka nikaanza kufikiri pengine habari za mikutano zimemchosha na watu wa kuazima.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "magoti ya mama yako yakigoma kabisa, nani atakuja kuniomba."

Akaweka ungo chini, akanyoosha mkono kunitafuta. Nilipiga magoti ili anifikie. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akakipapasa kiganja chote kuanzia kidole gumba, na akaanza kucheka.

"Huu ni mkono wa chaki," akasema. "Haya, lima."