Mama wa Kibabi anayezima picha ili watu wasipande kilimani

Saa mbili asubuhi, siku ya soko, Kibabi, kijiji cha Masisi, mashariki mwa Kongo. Ukungu bado umelala bondeni, lakini benchi lililo mbele ya duka la Sidonie Kaswera limejaa. Duka ni la chumvi na sabuni. Waliokaa hapo wameshika simu, na chumvi itasubiri.

Papa Valentin, mkulima wa maharagwe, ndiye wa kwanza. Anaiweka simu yake mezani kwa mikono miwili.

"Papa, ku telefone hii unatafutaka nini?" Sidonie anamuuliza.

"Njia ya Bweremana. Kama magari inapita ao haipite."

"Na nini ingine?"

"Njo ile tu, mama yangu."

Sidonie anaanza kazi. Anazima picha. Anazima video zinazojicheza zenyewe. Anafunga matangazo yanayoruka kutoka pembeni: ya viatu, ya kamari, ya dawa ya kuotesha nywele. Kwa hilo la nywele Papa Valentin anashika upara wake na benchi zima linacheka. Kisha Sidonie ananyamazisha milio ya programu ambazo mzee hata hajui ziliingia lini, na kubonyeza ukurasa wa habari za barabara wa redio moja ya huku.

Ukurasa uliokuwa unazunguka jana mpaka betri ikaisha unafunguka kabla mzee hajamaliza kukohoa. Hauna picha wala rangi, ni maandishi tu: magari yanapita.

"Aksanti Mungu," anasema Papa Valentin, kisha anakwenda kufunga magunia yake.

Mgeni anaweza kuiona kazi hii kuwa ndogo. Asiharakishe. Bondeni hapa mtandao ni dhaifu. Unakamata vizuri juu ya kilima kilicho nyuma ya kanisa, na kwa miaka mingi watu wa Kibabi walikuwa na desturi yao: ukurasa ukigoma, unapanda. Kila asubuhi ungewaona huko juu, wakulima, wachuuzi na madereva wa pikipiki, wameinua simu kama wanaoanika nguo. Hakuna aliyejiuliza kama kosa lilikuwa la bonde au la ukurasa wenyewe.

Vita vilipozidi, wenye bunduki nao wakakipenda kilima hicho, leo hawa, kesho wale. Watu hawakuacha kupanda. Bila habari za njia hakuna soko, na bila soko watoto wanalala njaa.

Mmoja wa waliopanda ni Guylain, mume wa Sidonie, dereva wa pikipiki, au motard kama wanavyoitwa hapa. Miaka miwili iliyopita alikwenda kuangalia kama njia ilikuwa wazi. Risasi ilimpata pajani, ukurasa bado unazunguka.

"Batu walimushusha ku mugongo," anakumbuka Sidonie. "Nilifikiri amekufa."

Alilazwa hospitalini Kirotshe, kando ya ziwa, ambako mtandao haugombi na mtu. Sidonie, mzaliwa wa Butembo aliyekuja Masisi kufuata biashara ya baba yake, alikaa kando ya kitanda, akachukua simu ya mumewe na kuufungua ukurasa uleule. Safari hii aliutazama unavyojifungua. Kwanza likaja tangazo la viatu. Ikafuata video ya harusi ya watu asiowajua, ikaanza kuimba yenyewe. Habari ya njia, mistari mitatu tu, ilikuja ya mwisho kabisa.

"Nilikasirika, kaka," anamwambia mwandishi wa habari hii, na hata leo sauti inapanda. "Bwana yangu alipigwa risasi akiwa anangoja arusi ya batu ya Kinshasa! Ile filme njo ilikuwa inakula rezo, mtandao yote. Kilima haikukuwa na kosa."

Hasira hiyo ndiyo iliyomfundisha kazi. Wiki zile za hospitalini alizima hiki, akawasha kile. Siku moja aliifunga simu isiwake kabisa, na Guylain akamuuliza kutoka kitandani, "Mguu imeharibika, sasa unaharibu na telefone?"

Waliporudi Kibabi, alichekwa. Vijana waliziita simu zake simu za vipofu. Motard walikuwa wabishi kupita wote, na hawakuwa wajinga: maandishi mtu yeyote anaweza kuandika, lakini daraja lililovunjika wanataka kuliona kwa macho. Guylain mwenyewe, na fimbo yake mkononi, akaanza tena kukitazama kilima.

"Nilimwambia, maandishi inadanganyaka. Foto njo inasema kweli," anakiri Guylain. Waligombana mpaka majirani wakaingia kati.

Sidonie hakuliacha jambo hilo. Alitafuta hadi akapata njia ya kuacha picha zikiwa zimefungwa, ila ukigusa moja, hiyo moja peke yake inafunguka. Picha ya daraja ikawa inashuka polepole mpaka bondeni, lakini inafika. Motard wakaja mmoja mmoja, wengine wakijifanya wamefuata sabuni.

Mwezi wa pili mwaka huu, saa ileile ambayo zamani watu walikuwa wanapanda, bunduki zililia kilimani mpaka adhuhuri. Motard wote walikuwa dukani kwa Sidonie, wamelala kifudifudi katikati ya magunia ya chumvi. Hakuna aliyekuwa juu. Hakuna aliyeumia.

"Tulikuwa tunamucheka huyu mama," anasema Honoré, mmoja wao. "Leo nikiona muntu anapanda kule, miye mwenyewe namurudisha."

Na Sidonie alijisikiaje siku hiyo? Hazungushi maneno. "Nilijivuna. Kama iko zambi, padiri atanisamehe."

Ana haki ya kujivuna. Malipo yake ni faranga mia tano kwa simu, au kikombe cha maharagwe kwa asiye nazo, na wajane hawaulizwi kitu. Simu ya mwandishi huyu nayo aliipokea, akaipekua huku anatikisa kichwa.

"Kaka, hii yako inakula kuliko mulevi ku matanga," alisema, na benchi likapata kicheko kingine.

Sasa anataka kwenda Walikale. Binamu yake Colette anauza vitenge huko, na amemwambia kwamba wanawake wa sokoni wanapanda vilima vilevile, wakitafuta habari zilezile, mbele ya bunduki. Sidonie anataka kukaa nao mwezi mmoja, amfundishe Colette, na Colette awafundishe wengine.

Guylain hajaendesha safari ndefu tangu alipoumia, lakini pikipiki yake imewekewa mnyororo mpya. "Nitamubeba miye mwenyewe," anasema. "Bibi yangu hawezi kwenda kule ku pikipiki ya muntu ingine."

Lini? Sidonie anachukua simu yake na kuigusa mara moja. Anasoma, midomo ikicheza kidogo.

"Leo njia ya Walikale imefungwa," anasema. "Nitaangalia tena kesho, nikiwa nimekaa hapahapa ku kiti yangu."