Mstari wa Pili wa Jedwali la Hemedi

Hemedi alifundisha hesabu katika shule moja ya mtaa wa Kabondo, na kila alasiri alitayarisha masomo kwenye ubao mdogo uani. Mkewe, Madina, aliyeishia darasa la tano, aliketi kando akichambua pondu, majani ya muhogo. Siku moja akachukua chaki, akalijaza mwenyewe jedwali la kauli alilolichora mumewe, kwa herufi za Kifaransa: V kauli ikiwa kweli, F ikiwa uongo. Akaona kwamba "kama mvua inanyesha, uwanja unalowa" na "kama uwanja haulowi, mvua hainyeshi" zinatoa herufi zilezile, mstari kwa mstari.

"Bon," Hemedi akacheka. "Ni neno moja, limevaa nguo mbili."

Mwaka 1964 waasi wakaushika mji, wakaanza kuwasaka waliosoma. Jirani yao karani akachukuliwa, hakurudi. Kesho yake Hemedi akaamua kuvuka mto hadi Lubunga, ng'ambo ya pili, kisha auteremke kwenda kwa wajomba zake Yanonge.

"Kama niko muzima, habari yangu itakufikia mbele ya Ramazani," alimwambia mkewe ukingoni. "Nakuapia."

Mwezi ukaandama. Habari haikuja.

Madina akautoa ubao. Kama habari haikufika, Hemedi si mzima: kauli ileile, nguo nyingine. Akafuta, akaandika upya, ikatoka vilevile. Ndipo akautazama mstari wa pili. Mzima, V. Habari, F. Na ahadi yenyewe, F. Katika mistari yote minne, huo peke yake ulimwacha Hemedi hai bila habari, nao ulimfanya mwongo.

Tangu hapo kila aliyemuuliza alijibiwa, "Hemedi alinidanganya."

"Unamutukana mutoto wangu!" mama mkwe akalia.

"Hapana, mama. Kama alisema kweli, amekufa. Mi nataka akuwe mwongo."

Alishikilia hivyo miaka miwili. Pirogi, mitumbwi ya kutoka Yanonge, zilikuja na kuondoka, wala hakuna aliyemwona. Kisha mama mkwe akaugua, akaomba jambo moja tu: mwanawe asomewe hitima kabla yeye mama hajafa. Madina akakubali. Alipika wali mwenyewe, akaketi mkekani na wanawake, na yule mama akamshika mkono mpaka dua zikaisha.

Mwaka uliofuata, walimu wakiwa wachache, shule ikamwita afundishe watoto wadogo kuhesabu. Kwenye fomu akaandika "mjane", akamshukuru mkurugenzi wa shule, akatoka. Kilio kikamshika barabarani, hata mwenye baiskeli mmoja akasimama.

"Mama, iko nini?"

"Bwana wangu amekufa."

Yule mtu akashuka, akamsindikiza hadi mlangoni, akisukuma baiskeli.