Winga Niliyebakiziwa

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda kula maulidi kwa Mhindi mmoja wa barabara ya kumi na mbili, hapa Ngamiani, Muislamu mwenzetu, mwenye duka la vitambaa. Watoto tulikalishwa ukumbini, sinia moja watu watano, pilau limefura hadi ukingoni na kuku kalazwa katikati. Adabu ilikuwa kwamba mkubwa ndiye anayeanza kunyanyua nyama, kisha anayemfuatia, hivyo hivyo hadi kwa mdogo. Mie kila sinia nilikuwa mdogo, maana hata miaka iliposogea kimo kilikataa. Mkubwa alichukua paja, wa pili kidari, wa tatu paja lililobaki, wa nne bawa. Mie nikaachiwa shingo. Utoto wangu wote nimekula shingo. Ukiizoea utaona nayo ina nyama yake, lakini lazima uitafute kwa ulimi, kifupa kwa kifupa, na wenzio wameshanawa wanakutazama na kucheka.

Hizo ni enzi za Mwingereza. Mie chuo cha Kurani nilitoka na juzuu moja na kipande, skuli nikaonja darasa la pili, kisha nikapelekwa kwa fundi viatu kushika gundi, na gundi ikanishika mimi. Yule Mhindi alikufa, duka akarithi mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa sinia letu. Mimi nikaweka kiti changu na sindano zangu kwenye baraza ya duka hilo hilo, na hatukuachana tena.

Ilipokuja miaka ya shida, duka likabaki mbao tupu. Aliuza viberiti na vifungo, na vifungo vyenyewe havina shati la kutiwa. Ukiwa na vitambaa wewe mhujumu, ukiwa huna wewe umevificha. Basi alifungua mlango asubuhi akakaa, ili isisemwe kafunga. Mie angalau nilikuwa na kazi. Viatu havikuwepo, nikawa nakata katambuga kwa matairi ya lori, na mji mzima ukavaa tairi, mwalimu na karani na bwana harusi. Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa. Mbao zikajaa upya, marobota ya mitumba yakashushwa, na kiatu cha Mzungu kilichovaliwa mara mbili kikawa rahisi kuliko kutia soli cha kwako. Watu wakasema afadhali. Mie sikusema afadhali. Wakati huo huo viwanda vilianza kupunguza watu, na waliopunguzwa wakaja kukaa pale barazani kwetu, kwa sababu palikuwa na kivuli na muuza kahawa hakufukuza mtu.

Hapo barazani tulikuwa na mchezo wetu wa kabla ya ligi, tukiuita kugawana watoto. Usajili ukishafungwa, tunagawana wachezaji wa timu yetu, ya kiwanda kimoja cha hapa mjini. Kila mtu anachagua mmoja, na huyo anamwita mwanangu hadi ligi iishe. Mwanao akifunga bao, au akitoa pasi ya bao, wewe unakunywa kahawa ya bure mpaka mechi nyingine, na maneno yako yanasikilizwa hata ukisema upuuzi. Mwanao akiboronga kuliko wote, kahawa ya baraza iko juu yako. Mzee mmoja wa msikitini alikuja kutuambia hiyo kamari. Mwenye duka akamjibu kamari ni ya pesa, hii ni ya mapenzi. Yule mzee akaondoka amenuna. Siku ya pili akarudi kuchukua golikipa.

Kuchagua kulikwenda kwa heshima ya kiti, na mwenye baraza ndiye anayeanza. Alichukua sentafowadi, kama alivyochukua paja. Wa pili alikuwa mzee wa kamati. Hapa nieleze kidogo. Timu zote wakati ule zilikuwa na kamati ya ufundi, na msidhani ni ufundi wa mpira. Ni watu wa kwenda kwa waganga, kujua timu ipite wapi, ivae nini, nani asipewe mkono. Mzee wetu ndiye aliyekuwa kichwa cha kamati ile, mtu wa kanzu safi na maneno machache, na hata meneja wa kiwanda alimwogopa. Yeye akachukua kiungo. Wakaendelea hivyo, huyu beki, huyu namba nane, wakibishana kama wapima dhahabu: yule goti bovu, yule mlevi, yule ana mke mpya hatakimbia hadi Shaabani. Ikafika zamu yangu.

"Kabaki nani?" nikauliza.

"Yule wa Kigombe," akasema mwenye duka. "Kasajiliwa siku ya kufunga, wapate kutimiza idadi."

"Nimemuona," akasema muuza kahawa. "Mwembamba kama mwiko. Upepo wa Raskazone utamchukua na jezi yake."

"Mpeni fundi," akasema mzee wa kamati. "Fundi kazoea vilivyochakaa."

"Huyo hajachakaa," nikasema. "Huyo hajavaliwa bado."

Wakacheka. Nikamchukua, sikuwa na la kufanya.

Kesho yake kijana mwenyewe akaja na daluga mkononi. Walimpa zilizobaki stoo, moja kubwa, moja imefumuka pembeni. Akasimama mbele yangu akaniamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Baba wa wapi tena?"

"Nimeambiwa wewe ndiye baba yangu hapa barazani. Basi nishonee, baba, mwanao asicheze pekupeku."

Nikampenda hapo hapo. Alikaa na mimi hadi nikamaliza, akanieleza habari zake. Baba yake alikuwa mkata mkonge, shamba likafungwa, akarudi nyumbani na kikohozi. Kuna mama na wadogo zake. Meneja wa kiwanda alimwambia wazi: kiwanda kinatayarishwa kuuzwa, ajira zinafungwa, imebaki nafasi moja tu ya msaidizi wa stoo, kwa mchezaji. Akithibitika kwenye mechi ya kwanza ataandikwa kazi ya kudumu. Asipothibitika, akija mnunuzi hakuna tena timu wala stoo ya kuandikwa. Alikuwa na mechi moja. Alinieleza bila kulalamika, kama anayenitajia bei ya nazi.

Jioni nikaenda kumtazama mazoezini. Mie mpira siujui kama wanavyoujua wale wa barazani, waliosikiliza redio tangu uhuru. Lakini mguu naujua. Yule kijana alikulia kucheza kwenye mchanga wa maji kupwa, na mtu aliyejifunzia mchangani, ukimweka kwenye majani, ni kama umemvua mzigo. Beki alipiga mpira mrefu kutoka nyuma kabisa. Mawinga wengine husimama wakageuka, wakaungoja kama wanaongoja basi. Yeye hakugeuka. Alikimbia na mgongo wake kwa mpira, akauinulia kichwa mara ya mwisho tu, ukamshukia begani, ukateleza kifuani, ukafika mguuni, na mwendo haukupungua hata kidogo. Kocha akaita urudiwe. Ukarudiwa. Akaupokea vile vile.

Nikarudi barazani nikasema. Hawakuniamini, mpaka ikaja mechi ya kirafiki na timu ya bandari. Akaingizwa mwishoni, mabeki wakamkimbilia mmoja baada ya mwingine na kubaki wamekaa chini. Bao moja lake, jingine kampa yule sentafowadi, mlangoni kabisa, hata mie ningefunga.

Asubuhi yake mwenye duka akaniletea kahawa kwa mkono wake. Hajawahi.

"Fundi, sikiliza. Tubadilishane. Chukua sentafowadi."

"Sentafowadi wako kapewa bao na mwanangu."

"Basi chukua sentafowadi, na kitambaa cha kanzu."

"Mwanangu siuzi."

"Toka lini wewe ukawa na mwana wa maana?"

"Toka mlipoacha kumtaka."

Watu walicheka sana, na mzee wa kamati naye alitabasamu, ila alisema jambo moja ambalo sikulitilia maanani. Alisema nyota ya kijana yule inang'aa mno, na nyota inayong'aa mno haiachiwi ikapita hovyo.

Ikafika siku ya mechi ya kwanza. Niliitwa niende na daluga, nilikuwa nimezishona upya usiku wa kuamkia, basi nikapakiwa kwenye gari la timu. Tulipokaribia uwanja, gari halikwenda getini. Likazunguka nyuma, upande wenye ukuta mrefu. Hilo halikunishangaza. Timu zote zilikuwa zikiogopa geti, maana wenyeji wa mechi huenda wamefukia vitu pale. Wachezaji wa zamani waliuzoea ukuta ule. Wanapanda, wanashika juu kwa mikono, wananing'inia, ndipo wanajiachia taratibu. Chini upande wa ndani kulikuwa na mtaro wa saruji, nao wanaujua, wanatupa miguu mbali nao.

Lakini siku hiyo mganga alikuwa katoa agizo lake. Mgeni ndiye atangulie, yeye ambaye hajawahi kuruka pale. Apande pekupeku, ageuke, aruke kinyumenyume, na asitazame chini, wala mtu asimwambie neno mpaka miguu iguse ardhi, kwa sababu neno litaivunja dawa.

Mie nikasema, "Jamani, kuna mtaro pale."

Mzee wa kamati akaniwekea kidole mdomoni. Kidole chenyewe kilinuka udi.

Kijana akapanda. Alitutazama toka juu, daluga zimefungwa kamba shingoni, akanikonyeza. Kisha akageuka, akajiachia, na tukasikia sauti ambayo mtu wa kazi yangu anaijua, ni kama kijiti kigumu cha ndani ya kiatu kinapokatika kisiginoni. Wenzake wakaruka mmoja mmoja, wakimkwepa, kwa mikono kama walivyozoea.

Mie nikazunguka nikapita getini, fundi viatu nani atamtegea dawa. Nilipofika ndani nikamshika mguu. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta. Nikasema huyu asicheze. Kocha akamtazama mzee wa kamati. Mzee akasema akitolewa dawa yote imekwenda bure, afungwe kitambaa. Akafungwa kitambaa. Daluga haikuingia, ikabidi niipasue pembeni nilikoshona mwenyewe.

Akacheza kipindi kizima. Kila mpira mrefu uliopigwa alianza kuukimbilia kama kawaida yake, hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, kisha mguu unamkataa na mpira unampita kichwani. Mara ya mwisho alianguka kifudifudi na mpira ukatoka nje, na jukwaa zima likapiga miluzi. Mtu nyuma yangu akasema, "Kanunuliwa huyo. Tazama anavyoanguka." Tulifungwa. Hadi wanatoka getini (maana kutoka walitoka getini, baada ya kufungwa geti halina tena ubaya) neno lilikuwa limeshakamilika: winga wa Kigombe kauza mechi.

Nilikwenda kwa meneja. Nilivaa shati la Idi, nikangoja kwenye benchi lake, nikamwambia nilivyoona. Akaniuliza, "Wewe ni nani kwenye timu?" Nikamwambia mie ni fundi viatu. Akasema, kwa upole, kwamba yeye anasubiri neno la mzee wa kamati tu. Mzee akisema kijana aliumia kwa kazi ya timu, nafasi itamngojea apone. Asiposema, ataandikwa mwingine, na juma hilo hilo, kwa kuwa wanunuzi wako njiani.

Nikamletea kijana habari hizo huko alikolazwa, kwa nduguze wa Chumbageni. Akaja barazani mwenyewe, akichechemea, ameshika ukuta wa nyumba za watu. Watu wote walikuwepo. Akaamkia shikamoo mmoja mmoja, kwa zamu, wakaitikia marahaba mmoja mmoja. Muuza kahawa akamtilia kikombe.

"Mzee wangu," akamwambia mzee wa kamati, "nimekuja kuomba neno lako kwa meneja. Kwamba niliumia ukutani."

Mzee akanywa kahawa yake kwanza.

"Ukuta gani, mwanangu?"

"Ule mlioniambia nipande."

"Geti lilikuwa wazi," mzee akasema. "Mtu mzima na akili zake anaacha geti wazi anapanda ukuta, mie nitamwambia meneja nini?"

Sasa mie nikasema. "Mzee, nilikuwepo. Mguu nimeushika kwa mkono huu. Na kidole chako umenitia mdomoni."

"Fundi," akasema, hata hakunigeukia, "mambo ya kamati hayana shahidi."

Nikamtazama mwenye duka, aliyetaka kumnunua kwa kitambaa cha kanzu. Alikuwa akihesabu vifungo kwenye kopo. Nikawatazama wengine. Yule wa golikipa akasema si vizuri kubishana na wakubwa. Mwingine akasema, ili tu kuwe na kicheko, "Fundi, mwanao kaboronga kuliko wote. Kahawa ya leo juu yako." Na wakacheka, wallahi wakacheka, kwa sababu ndiyo kanuni, na kila mtu alifurahi kupata kanuni ya kuishika.

Kijana hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa akimtazama mzee, kama anayengoja mpira ambao bado haujapigwa. Mzee akafungua tasbihi yake, akaanza kuvuta.

"Haya," akasema kijana.

Akakiweka kikombe kwenye ukingo wa baraza, kimejaa vile vile. Muuza kahawa akamwambia, "Kunywa basi, kaka, imeshatiliwa." Akasema ahsante, anakuja. Akatoa salamu, tukaitikia, akaishika barabara ya kumi na mbili kwa upande wa jua, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukifuata, asishike ukuta wa mtu. Nikamwita. Hakugeuka. Akapinda kwenye kona ya bucha, na hakurudi tena.