Wenye Viazi Waliozunguka Chemchemi ya Nkunga

Nilikwenda Rungwe kwa sababu ya ubishi. Atupele, rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, alikuwa fundi wa maji wilayani kwao, na alipokuja Morogoro kwa mafunzo alishinda kwenye studio yangu ya picha akilalamika. Kijijini kwao, upande wa Nkunga, kulikuwa na chemchemi iliyolisha bomba la shule na la zahanati. Kila kiangazi maji yalipungua, kwa kuwa watu walikuwa wamefyeka miti na kulima viazi hadi kwenye jicho lenyewe la maji. Mkutano wa kijiji ulikuwa unakaribia, uamue kama eneo lile liachwe lirudi kuwa pori, au kilimo kiendelee na bomba lijifie. Mara mbili Atupele alikuwa amewachorea ubaoni mlima, mizizi, na mishale ya kuonyesha mvua inavyoingia ardhini na kutokea chini. Watu walimpigia makofi, wakarudi kulima.

"Wapelekee picha," nikamwambia. "Mtu haamini mshale wa chaki."

"Picha za nini, Mwanaidi? Pale wanapaona kila siku."

"Kuona ni kitu kimoja na kutazama ni kingine."

Nilisema kwa kiburi, ikanibidi niende kuthibitisha. Mume wangu alisema Tukuyu kuna baridi ya kuvunja mifupa. Mama mkwe akasema mwanamke mwenye kazi yake hafungi studio akafuate mlima wa watu. Nikafunga studio. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, filamu za rangi zimejaa madukani na kila kona ya mji ina kijana mwenye kamera, lakini mimi nilibeba filamu nyeusi na nyeupe kwa sababu hizo naweza kuzisafisha kwa mikono yangu.

Barabarani, baada ya Iringa, nilianza kukutana na viazi. Malori yalikuja mbele yetu yakielekea Dar es Salaam, yamepakia magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa hadi mdomoni kisha yakashonewa kilemba juu. Zamani, alisema abiria niliyeketi naye, viazi vya Rungwe vilioza shambani kwa kukosa mnunuzi. Sasa mnunuzi anakufuata hadi mlangoni, na anataka vingi kuliko ulivyo navyo. Nililala Mbeya, na asubuhi nikaendelea kwa gari dogo kupitia Uyole. Kule juu mashamba yalikuwa yamepanda vilima kama viraka vya shuka, na ukungu ukashuka hadi dereva akawasha taa mchana.

Tukuyu nilifika mvua ikinyesha. Atupele alinipokea Msasani, mtaa wa hapo hapo mjini, chini ya mwavuli, akanipitisha mtaa wa Bulyaga kwa Bwana Athumani, mpiga picha ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa akishona kanzu. Alikubali niazime chumba chake cha giza, cha kusafishia filamu. Aliniuliza arusi ni ya nani. Nilipomwambia nimekuja kupiga picha mlima, alisema, "Karibu sana," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgonjwa.

Nkunga tulifikia kwa mama yake Atupele. Watu wote walimwita Juba, yaani mama kwa Kinyakyusa, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya bati jipya katikati ya migomba. Nilimwamkia.

"Malahaba, mwanangu. Ndaga fijo kwa kuja," akajibu. Kiswahili chake hakikuwa na "z" wala "sh", zote zilikuwa "s", na "r" ilikuwa "l". "Unaona bati hili? Viasi ndivyo vilivyoliweka. Soko limefunguliwa, na mimi nimefunguka nalo."

Atupele alijishughulisha na kuni, akageuza uso.

Asubuhi ya kwanza nilipanda kwenye chemchemi peke yangu. Nilifurahia nilichokiona. Mteremko ulikuwa uchi, matuta ya viazi yameshuka kutoka juu hadi kwenye tangi la saruji, na kila mvua ilipokatika maji ya kahawia yalikimbia katikati ya matuta. Jicho la maji sikuliona, nikaambiwa baadaye kwamba liko chini ya matuta hayo. Nilipiga mteremko, mifereji, visiki, nikingoja hadi pasiwe na mtu yeyote mbele ya kamera, kama nilivyoona kwenye vitabu vya jiografia. Nikarudi kula ndizi za Juba nikijiona fundi.

Jioni hiyo mwenyekiti wa kijiji akaja, na nyuma yake wanaume kadhaa ambao hawakutaka kuketi.

"Dada," akasema mwenyekiti, "wananchi wanauliza, mwekezaji anafika lini?"

"Mwekezaji gani?"

"Huyo aliyekutuma upige picha mashamba bila wenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa sauti ile ya Bwana Athumani. Huku picha ni ya mtu: bwana arusi, mtoto wa kipaimara, marehemu. Anayepiga picha shamba akangoja mwenye shamba aondoke, huyo anatafuta kulitangaza kwamba halina mwenyewe. Na miaka ile habari za ardhi kuuzwa zilikuwa kila mahali, kwa hiyo hofu yao haikuwa ya kijinga. Nilijieleza kwamba picha ni za kubandikwa ukutani siku ya mkutano, ili watu waone maji yanakokwenda. Mwanamume mmoja mwenye koti refu, Tata Lugano, yaani Baba Lugano kwa lugha yao, ambaye ndiye aliyekuwa na viazi vingi kuliko wote pale, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Kesho utapiga tena. Na kila shamba litakuwa na mtu wake."

Asubuhi ya pili mteremko ulijaa kama siku ya Pasaka. Wanaume walivaa tai. Akina mama walivaa vitenge vya kanisani na viatu vya kufunga. Kila mmoja alisimama katikati ya matuta yake, mikono imenyooka, uso wa kiapo. Kila nilipotaka kupiga mfereji, mwenye mfereji aliuziba kwa mwili wake. Nikamwomba mmoja asogee kidogo nipate kisiki, akasema kisiki nacho ni chake, akakikalia. Juba alisimama chini kabisa, karibu na tangi, amepandisha kitenge kidogo. Aliniambia picha yake iwe kubwa kuliko zote, ionekane toka mlangoni mwa darasa la mkutano.

Nilishuka nimenuna. Nilikuja kupiga picha ya ardhi inayokufa, nikaondoka na albamu ya sherehe.

"Mkutano ni keshokutwa," Atupele akasema tukiwa njiani kwenda mjini. "Tuachane nalo tu."

"Mimi sikusafiri hadi huku kuja kuachana na kitu."

Bulyaga, katika chumba cha Bwana Athumani, nilisafisha filamu na kukuza picha kwenye karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Nyuso zilitokea moja baada ya nyingine kwenye dawa, na kwa mazoea ya studio nilitazama nyuso tu: nani amefumba jicho, nani kivuli kimemla pua. Ilipotokea ya Juba, Atupele akaishika kwa koleo asiiachie.

"Hii isiende ukutani," akasema. "Mwanaidi, sikukuambia. Kila ninaposimama kwenye mkutano wananiuliza, na mama yako je? Wanajua naye analima pale, ila mimi fundi ndiye ninayejua kwamba yuko juu ya jicho lenyewe. Nikimwambia aache, nitamwambia ale nini? Bati lile lilimalizika mwaka huu."

Nilimwonea huruma, lakini sikulegea. Nilimwambia Juba mwenyewe ameomba iwe kubwa, na kwamba nikiitoa ya mama wa fundi wa maji, basi zote nizitie motoni. Aliisuuza picha ile, akaisuuza tena. Bwana Athumani alikohoa nje ya pazia, akauliza kama tumekufa humo ndani.

"Weka," Atupele akasema mwishowe.

Picha za mteremko mtupu nilizibeba pia, ila nilijua hakuna atakayezitazama. Nilichofanya ni kuwaomba watoto wa shule waniambie shamba la nani linapakana na la nani. Kwa mpangilio huo nikabandika wenye mashamba kwenye kuta za darasa, bega kwa bega, kama walivyo kule mlimani, wa juu juu na wa chini chini.

Siku ya mkutano darasa lilifurika tangu mapema. Mwenyekiti alipiga meza hadi akachoka. Watu walijitafuta, wakajiona, wakacheka. Mmoja alimwambia mwenzake tai yake imepinda kama sera ya bei ya kahawa. Tata Lugano alisimama mbele ya picha yake, akaigusa kwa kidole.

"Mimi niko kwangu," akatangaza. "Mpaka wangu unafika hapa, ambapo mwenzangu anaanzia."

"Na mimi niko kwangu," akasema aliyefuata.

Ikawa kama kuitika majina shuleni. Kila mtu alionyesha picha yake na mahali inapogusana na ya jirani, wakazunguka ukuta hivyo kwa fahari, kutoka kwa Tata Lugano juu hadi kwa Juba chini, na kurudi juu upande wa pili. Walipofunga duara, mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa mlangoni akauliza bila ubaya wowote:

"Kila mtu yuko kwake. Sasa chemchemi iko kwa nani?"

 Nilimwona Tata Lugano akizihesabu picha upya kwa macho, akitafuta pengo kati ya mtu na mtu. Hapakuwa na pengo. Nao walipafahamu mahali pale kuliko mimi, wamepalima miaka, ila kila mmoja alikuwa akijua matuta yake na akidhani nafasi ya maji imebaki kwa mwenzake.

Atupele akasimama kusema. Kabla hajafungua kinywa, sauti zikatoka nyuma, zile alizozizoea. "Na mama yako je?"

Juba aliinuka. Alipita katikati ya watu, akaenda kwenye picha yake kubwa, akaisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi. Hakutazama uso wake. Alitazama miguu. Na mimi nikatazama kwa mara ya kwanza, nikaona nisichokiona kwenye dawa: viatu vyake vya kanisani vimezama hadi kwenye kamba, na kuzunguka visigino kuna kitu kinachong'aa.

"Siku ile nilisema ni umande," Juba akasema, bila kumgeukia mtu. "Lakini umande hauingii kwenye soksi." Akaweka kidole penye visigino. "Haya ni maji. Yanataka kutoka, na mimi nimesimama juu yake. Mwanangu amesema hapa mala mbili, nikasema ni maneno ya sule. Kesho nang'oa."

"Havijakomaa, Juba," mtu akamwambia.

"Nimesikia. Nang'oa."

Sitawadanganya wasomaji kwamba kila mtu alimfuata. Wengi walikubali kuliacha eneo la jicho baada ya kuvuna. Tata Lugano alisema yeye ataacha matuta ya chini tu, ya juu atayafikiria, na wengine wawili wakatoka bila kunyoosha mkono. Lakini mkutano ulipitisha, mwenyekiti akatamka kwamba mahali pale pasilimwe tena na papandwe miti ya asili, si mikaratusi inayokausha maji, na Atupele akaketi chini.

Asubuhi iliyofuata tulipanda watatu na majembe. Juba aling'oa shina la kwanza, akakung'uta udongo mweusi, na shimo lililobaki likaanza kujaa maji polepole, kwanza machafu, kisha safi. Akang'oa la pili likawa hivyo hivyo. Kila shina lilikuwa na viazi vidogo vya kuchekesha, na mimi nilitaka kulia, kwa sababu niliikumbuka nyumba yake, na kwa sababu ni mimi niliyebandika picha ile.

"Usinionee huluma," akaniambia. "Piga picha."

"Basi simama kidogo, Juba."

"Sisimami. Nina kasi."

Nikampiga hivyo hivyo akiwa ameinama, uso hauonekani. Studioni kwangu picha kama ile ningeitupa.

Nilirudi Morogoro kwa njia ile ile, nikipishana na magunia yale yale ya lumbesa, na njia nzima nilikuwa nikibishana na nafsi yangu. Nilikwenda nikidhani kazi ya picha ni kuwafundisha watu wasichokijua. Nusu ya hayo ilikuwa majivuno. Mteremko mtupu niliouona mzuri haukumwambia mtu kitu, na picha walizozilazimisha wao, kwa hofu ya kunyang'anywa ardhi, ndizo zilizosema. Anayetaka kuwaeleza watu habari za maji na misitu kwa kamera awaache waingie kwenye picha, hata kama wataziba anachotaka kukionyesha. Kisha awapange kama wanavyoishi, atoke njiani. Nitafanya hivyo tena Uluguru, mama mkwe apende asipende.

Juba alikuwa amenifungia viazi vyake kwenye kitambaa. Nilivichemsha siku niliyofika, na maganda yake, kwa kuwa havikuwa na cha kumenya. Watoto walicheka kwamba vimelingana na gololi. Mume wangu aliuliza kama huko Rungwe hawana vikubwa.

"Wanavyo," nikamjibu. "Hivi ni vya yule aliyeacha."

Tukavila vyote, na hakuna aliyebakiza.