Mbege ya Mzee wa Juu ya Mfereji

Kila Desemba mama alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, akajaza ndoo moja, akakata mkungu wa ndizi, akanituma nivipeleke kwa mzee aliyeishi upande wa juu wa mfereji wetu, huko Machame. Sikumpenda mzee yule. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia huku macho yako kwenye ndoo. Kisha aliwaita majirani wawili wamwone akinywa kata moja, akasema, "Mwambie mama yako nimepokea." Mtu gani huyo anayehitaji mashahidi wa kunywa pombe? Nilihisi kuna jambo ametushikia. Nikimuuliza mama, hakufafanua.

"Ni masiro," alisema. "Peleka."

Baba alipofariki nilikuwa tayari nafundisha mjini Moshi, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Desemba ile mama alilazwa Mawenzi, kazi ya mbege akaniachia mimi. Sikupika. Nilijiambia kwamba zawadi hailazimishwi, basi. Mkungu tukaula wenyewe.

Haukupita muda, mtoto wa mzee akaja kutoka Dar na pikapu. Miaka hiyo kila mwenye vijisenti alitafuta kiwanja, hata katikati ya migomba. Nilimkuta kwenye kahawa yetu akihesabu hatua, kutoka mferejini hadi kwenye masale, ile mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Nanyoosha miguu tu, dada."

Miguu gani inayonyooshwa kwa mstari, tena kwa kuhesabu! Nilikimbia kumwambia mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali. Aliinuka akakaa kitandani.

"Masiro ulipeleka?"

Nilikiri kwamba hata kupika sikupika. Hapo ndipo aliponieleza yale ambayo alipaswa kunieleza zamani. Shamba lile halikuwa letu. Babu yangu alipewa na baba wa mzee yule akae tu, na masiro, pombe ile ya kila mwaka, ndiyo iliyosema kwamba wenye shamba ni wao na wakaaji ni sisi. Anayeipokea hawezi kutufukuza. Kumbe wale mashahidi niliowabeza walikuwa wanatulinda sisi. Niliona aibu, nikaogopa pia, maana mama hakuwa na pengine pa kwenda.

Mbege haiivi kwa siku moja. Ilipoiva, mama aliibeba mwenyewe na mgongo wake mbovu, akakataa nimpokee. Mzee aliwaita majirani, akanywa, akafuta mdomo.

"Nimepokea. Najua uliumwa, mama. Kaa shambani kwako."

Nilishusha pumzi. Kisha mzee akamjazia mwanawe kata, kwa kuwa ndiye atakayerithi, na akinywa mbele ya watu atakuwa amefungwa na neno la baba yake. Kijana hakusita. Alikunywa yote.

"Asante kwa zawadi, mama."

"Si zawadi, baba," mama alisema. "Ni masiro."

"Haya mama. Si yote ni pombe tu?"

Majirani walicheka. Mzee hakucheka, wala mama. Mimi nilitazama chini, kwa sababu neno lile la zawadi nilikuwa nimelitumia mimi kwanza.

Mzee sasa hayupo. Mwanawe hunisalimia vizuri sana kila akija, huuliza hali ya mama, huuliza hata habari za shule. Akishaondoka, nashuka kuangalia masale.