Matete ya Ukingoni na Ujio wa Mama Mkwe

Hili naona aibu hata kulisimulia, lakini nikinyamaza mke wangu atalisimulia vibaya zaidi, bora nianze mimi. Enzi za bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, nilikuwa mpiga mbiu wa jumbe kule bonde la Ruvu, na baada ya mafuriko kubeba mpunga wetu na vibanda ikatoka amri: matete ya ukingoni yasikatwe maana ndiyo yanayoshika udongo, na nyumba zihamie juu mlimani. Nimeitangaza mimi mwenyewe, kwa pembe na kwa sauti hii hii, kila kitongoji.

Sasa mama mkwe akatuma habari kutoka Kiwangwa kwamba anakuja kutazama binti yake analala wapi, na akiona hatari anarudi naye. Nikababaika. Mwenyewe nilikuwa bado sijahama bondeni, na kwangu hapakuwa na ua wa kuogea (mkwe aoge wapi, mbele yangu?), basi alfajiri nikashuka mtoni nikakata matete, machache tu, nikajenga ua na kujisifu.

Kumbe siku ile ile bwana shauri naye kaja kukagua kingo. Jumbe akaniamuru nisimame ukingoni niirudie amri watu wote wasikie, na mama mkwe kishafika, yuko na akina mama. Pa kusimama palikuwa pale pale nilipofyeka, kwingine kote matete, basi nikasimama, nikapuliza pembe, nikatamka kwamba matete yasikatwe, na ukingo ukaporomoka nami.

Maji yalinifika kifuani tu, ila msuli niliojifunga kiunoni ulikwenda na mto. Watu wananiita nitoke, nami nitatokaje mbele ya mkwe? Jumbe akaviona visiki, akauliza nani kayakata, nikasema ni mimi, nimemjengea mama ua wa kuogea. Bwana shauri alipotafsiriwa alicheka mpaka kofia ikamtoka.

Mama mkwe akanipa mgongo, akavua kanga yake ya juu, akairusha nyuma bila kutazama.

"Nilikuja nikiyaogopa maji," akasema, "kumbe leo ndiyo yaliyokustiri. Mwanangu namwacha, baba, lakini nyumba ihame."

Nikatoka majini nimejifunga kanga ya mkwe, mke wangu nyuma anajikaza asicheke, akashindwa. Nyumba niliihamisha, matete nikayapanda upya kwa mikono yangu huku akina mama wakinisimamia, na nikaapa sitatangaza tena amri ambayo mwenyewe sijaitii. Furaha niliyokuwa nayo, wallahi, siwezi kuieleza, maana mke kabaki. Ila hata leo nikitoka kwenda popote penye watu, ananiuliza kwanza kama msuli nimeukaza.