Kamanda wa Bwawa la Kuogelea

Shemeji yangu Neville Trask ana miaka sitini na nane, na yote kaimaliza nchi kavu. Hadi anastaafu alikuwa anauza pampu za mabwawa ya kuogelea hapa Rockingham, Australia, na maji marefu kuliko yote aliyowahi kuingia ni ya mita mbili, upande ule wenye ngazi. Lakini Jumapili baada ya chakula cha mchana anavaa kofia yenye nanga, anaingia chumba cha nyuma cha klabu ya wazee ambako tumepanga kompyuta zetu sita, na papo hapo anageuka Kamanda. Wanamaji wa kweli, wenye nyambizi za kweli pale kisiwani ng'ambo, hupita mbele ya mlango wetu wakienda kununua bia. Hajaingia hata mmoja, na siwalaumu.

Mchezo wenyewe ni wa nyambizi za vita vya zamani. Kila mmoja wetu ana nyambizi yake, na kwa pamoja tunausaka msafara wa meli za wapinzani, ambao nao wana manowari na nyambizi moja ya kutusaka sisi. Bahari ni kubwa na meli ni chache. Saa nzima inapita hujaona hata moshi. Kwa hiyo kazi hasa ni kutafuta. Kufyatua torpido, kombora la chini ya maji, hata mjukuu wangu anaweza.

Na kutafuta ndiko Neville asikokujua kabisa. Mbinu yake ni moja tu: injini kasi kamili, huku na huku, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Juu ya hapo anataka kila nyambizi imripoti kwa redio kila baada ya dakika kumi na tano, na mwenye redio wazi anaona kwenye ramani alama ya kila aliyeripoti; ukiizima, huonekani wala huoni wenzako. Adui naye anazisikia redio hizo na kupima zinatoka upande gani. Nimemwambia mara ngapi? Jibu lake ni lile lile.

"Shemeji, asiyeripoti kwangu namhesabu adui."

Mtu mzima huyo, ana hati ya nyumba na meno ya bandia.

Mkewe ni dada yangu Glenys. Kwa miaka sita alikuwa akiomba apewe nyambizi, na kwa miaka sita Neville akimwambia asubiri, kwanza ajifunze kwa kutazama. Basi Glenys alitazama. Alituletea pai za nyama na sosi ya nyanya, akakaa nyuma yetu na daftari lake, akaandika kila kosa la mumewe, na daftari likajaa. Mimi ndiye niliyekuwa namchekesha kwa kumwigiza Kamanda njiani kurudi nyumbani, na nilidhani hiyo ni kumuunga mkono.

Mwezi Machi tukapangiwa doria dhidi ya wazee wa Nelson, New Zealand, kwa mtandao. Siku mbili kabla yake, Ante Bonacci, nahodha wetu mmoja, akafanyiwa upasuaji wa goti. Hapakuwa na mtu mwingine. Neville akakubali kwa shingo upande, akatoa na sharti: Glenys akizamisha meli moja, nyambizi ni yake moja kwa moja, asipozamisha, arudi kwenye pai zake na neno hilo lisisikike tena. Kisha akampa mraba wa kona, kusini kabisa, ambako meli haipiti hata kwa kupotea.

Kanuni yetu ni kwamba doria ikianza hakuna kufungua mdomo chumbani. Ujumbe wote upite kwenye redio ya mchezo. Glenys alikaa kulia kwangu. Aliripoti mara moja, kwa adabu, halafu akazima redio. Akatoka kwenye kona yake polepole, akaenda kukaa katikati ya mlango wa bahari ambako msafara ungelazimika kupita, akazamisha nyambizi mita sitini na kusimamisha injini. Kisha akavaa vipokea sauti vya masikioni na kufumba macho. Chini ya maji sauti inasafiri mbali kuliko jicho linavyoona moshi, lakini ili uisikie ni lazima wewe mwenyewe unyamaze. Neville hajawahi kunyamaza tangu harusi.

Baada ya dakika arobaini dada yangu akanigusa kiwiko na kuniandikia kwenye daftari: *Wanakuja. Saba.*

Niliona kila kitu kwenye skrini yake. Akapanda taratibu, akainua periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, kupima umbali. Meli ya mafuta ilikuwa mbele, mita elfu tatu, inamjia, naye akasubiri ikaribie.

Nikarudi kwenye ramani yangu. Alama ya Neville ilikuwa imegeuka. Alikuwa amekosa ripoti kadhaa za mkewe, na sasa alikuwa anakwenda konani kumtafuta, kasi kamili, na njia yake ilipita palepale alipo Glenys. Zilikuwa zimebaki dakika nane amfikie. Nilijua akiona periskopu atafanya nini. Na nitasema ukweli, nilifurahi. Nilianza kuchagua maneno. Kamanda amezamisha nyambizi ya mkewe! Ningeishi na utani huo miaka kumi.

Dakika zote nane sikumwita Neville kwenye redio, wala sikumgusa dada yangu kiwiko.

Neville alifyatua torpido mbili, akanyanyua ngumi. Skrini ya Glenys ikawa nyeusi. Mshindo ukaushtua msafara wa watu wa Nelson, meli zote saba zikageuka na kwenda zao. Jina la nyambizi iliyozama lilipotokea, Neville alilisoma mara mbili, akavua kofia, akaivaa tena, akasema Glenys ameacha kituo chake bila ruhusa na ahadi imekufa. Hakuna aliyembishia, nami sikumbishia.

Nilimkuta dada yangu nje, anapanga sinia tupu za pai kwenye buti la gari. Nikamtupia utani wangu, ule mzuri kuliko wote. Hakucheka. Alifunga buti, akaniuliza kama alama ya Neville ilionekana kwenye ramani yangu.

Nikamwambia kanuni hairuhusu kuongea chumbani.

"Neville hakujua kama ni mimi," akasema. "Wewe ulijua, Col."